Kubadilisha Dawa za Kisukari Kandokando ya Ziwa Viktoria

Mgonjwa wa kisukari aliyeanzishiwa gliklazidi katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, anaweza kurudi kwao kisiwani Ukerewe, vidonge vikaisha, na zahanati ya huko ikawa na glibenklamidi tu. Anaambiwa: "Chukua hizi, kazi yake ni moja." Hoja yangu ni kwamba badiliko hilo, hata likiletwa na upungufu wa dawa, ni tiba mpya na linapaswa kusimamiwa kama tiba mpya.

Ni kweli dawa hizo ni za kundi moja: zote huchochea kongosho kutoa insulini. Lakini glibenklamidi huweza kufanya kazi kwa saa 24, na figo zikidhoofika hatari yake ya kushusha sukari kupita kiasi huongezeka. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unashauri wenye miaka 60 na zaidi wasipewe. Miligramu nazo hazilingani. Miligramu 5 za glibenklamidi hukaribia nguvu ya miligramu 80 za gliklazidi ya kawaida, ilhali gliklazidi inayoachiliwa polepole mwilini huchukua nafasi ya hizo 80 kwa miligramu 30 tu.

Mfikirie mvuvi wa dagaa. Huingia ziwani jioni, usiku usio na mbalamwezi, akavuta nyavu chini ya taa hadi alfajiri. Sukari ikishuka huko atatetemeka, atatokwa jasho jembamba, atachanganyikiwa, na wenzake mtumbwini watadhani ni uchovu. Kabla ya kumbadilishia dawa ni lazima aulizwe anakula saa ngapi na anafanya kazi saa ngapi, na aagizwe kubeba sukari au glukosi.

Kanda ya Ziwa ina jambo jingine zito: kisukari hukutana na kifua kikuu na VVU katika mwili mmoja. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hulifanya ini liondoe upesi dawa za kundi la glibenklamidi, hivyo sukari hupanda na dozi huongezwa. Tiba ya kifua kikuu ikiisha, dozi ileile iliyoongezwa huweza kuishusha sukari kupita kiasi. Dolutegravir, dawa ya VVU, nayo huongeza kiwango cha metformin, dawa nyingine ya kisukari, katika damu. Kwa kawaida anayetumia zote mbili hapaswi kuvuka miligramu 1000 za metformin kwa siku.

Watoa huduma hujibu kwamba afadhali dawa yoyote kuliko kukosa kabisa. Nakubali, na sitaki mgonjwa arudishwe mikono mitupu. Ninachokataa ni kumpa dawa mbadala bila kukokotoa dozi wala kupima sukari, huku vidonge vya zamani vikibaki nyumbani bila yeyote kumwambia asivimeze pamoja na vipya.

Naziomba halmashauri za kanda hii ziagize kila zahanati iandike kwenye kadi ya mgonjwa dawa iliyoachwa, dawa iliyoanzwa, dozi na sababu, kisha imwite apimwe sukari ndani ya wiki moja. Nawe msomaji unayetumia dawa hizi, ukipewa kidonge usichokizoea, uliza jina lake na dozi yake kabla hujaondoka kwenye dirisha la dawa.