Mizabibu ya Seneca na Keuka

Ukiwauliza wenye viwanda vya mvinyo vya Finger Lakes, katika jimbo la New York, ni nini kilichowapa zabibu nzuri, watakuonyesha ziwa. Hawakosei. Seneca lina kina cha zaidi ya mita 180, ni nadra kuganda, na joto lililotunza tangu majira ya jua hupunguza makali ya baridi kwenye miteremko ya kandokando. Lakini ziwa hilo na jirani yake Keuka yalikuwapo mwaka 1829, kasisi William Bostwick alipopanda mizabibu Hammondsport. Yalikuwapo pia mwaka 1860, kampuni ya Pleasant Valley ilipoanzishwa. Kwa zaidi ya karne moja kilichotawala hapo ni zabibu za Kimarekani kama Catawba na Concord, ambazo harufu yake nzito huwakera waliozoea mvinyo wa Ulaya. Ziwa peke yake, basi, halielezi sifa ya leo ya Riesling, zabibu ya Ulaya, katika eneo hilo.

Kilichobadilika ni shina. Konstantin Frank, mtaalamu wa mizabibu kutoka Ukraine, alifika Marekani mwaka 1951 akaambiwa mizabibu ya Ulaya haiwezi baridi ya New York. Kwao baridi haikuwa haba, na mizabibu iliishi. Akashikilia kwamba kosa liko kwenye shina linalobebeshwa, yaani shina lenye mizizi ambalo tawi la mzabibu wa Ulaya huunganishwa juu yake. Charles Fournier, Mfaransa aliyetoka Champagne na kuongoza kampuni ya Gold Seal, alimsikiliza, akamwajiri. Walitafuta mashina yanayokomaza matawi mapema kabla ya jalidi, mengine wakayapata kwenye nyumba ya watawa huko Quebec. Februari 1957 kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 30 na ushee chini ya sifuri. Baadhi ya mizabibu ya kienyeji haikuzaa mwaka ule. Ya Frank ilizaa.

Wapo wanaosema simulizi hii inamkweza mno mtu mmoja, na wana hoja. Frank alifungua kiwanda chake mwaka 1962, lakini kampuni nyingi kubwa hazikumfuata, na mkulima aliyeziuzia zabibu kwa tani hakuwa na sababu ya kuhangaika na mche wa gharama. Iliyomfungulia njia mkulima huyo ni sheria ya jimbo ya mwaka 1976, iliyomrahisishia kusindika zabibu zake na kuuza chupa shambani kwake. Hermann Wiemer, mzaliwa wa Mosel, Ujerumani, naye akawauzia wenzake miche iliyobebeshwa. Leo viwanda vimepita 100.

Baridi yenyewe haijaondoka. Zabibu zikishavunwa, plau hupita kati ya mistari ikilundika udongo juu ya kiungo cha kubebeshea. Theluji ikiisha, udongo huo hufukuliwa tena, shina kwa shina. Wengi huuachia kila mzabibu mashina mawili au zaidi, moja likifa jingine libebe mzigo. Yakifa yote juu ya udongo, chipukizi hutoka pale palipofukiwa, na mkulima hungoja misimu kadhaa kabla ya kupata mavuno kamili.