Kugawana Kazi Katika Monasteri za Zamani

Twasema mara nyingi: kila mtu na kazi yake. Ndiyo kweli. Lakini historia ya Eklezia yatufundisha kwamba kugawana kazi ni jambo moja, kugawanya watu ni jambo lingine.

Mwaka 1098 wamonaki wachache walianzisha monasteri ya Cîteaux, katika nchi ya Ufaransa. Walitaka kushika Kanuni ya Mtakatifu Benedikto na kula kwa jasho lao wenyewe. Lakini sala za koro zilichukua saa nyingi, mchana na usiku. Nani basi angelima mashamba ya mbali? Wakapokea ndugu wa kazi, wengi wao wakulima, ambao nao waliahidi kuishi kitawa, lakini hawakuimba katika koro.

Mpango huo ulizaa matunda. Ndugu hao walikaa mashambani, si zaidi ya mwendo wa siku moja, kusudi warudi monasterini siku ya Bwana. Walilima, walichunga kondoo, walifua chuma. Hata maji yalipewa kazi: kule Clairvaux mto uliingizwa kwa mfereji, ukasaga ngano, ukaendesha nyundo za kupondea nguo za sufu. Kule Rievaulx, Uingereza, siku za Abati Aelred, aliyekufa mwaka 1167, mwandishi wa maisha yake alitaja wamonaki 140, tena ndugu wa kazi na watumishi 500.

Sasa tutazame upande wa pili. Ndugu wa kazi walikula na kulala peke yao. Walikatazwa vitabu, walijifunza kwa moyo Baba Yetu, Nasadiki na sala chache tu. Hawakuwa na sauti katika kumchagua abati, wala hawakuweza kupanda kuwa wamonaki wa koro. Manung'uniko yakazuka, mara nyingine maasi. Katika karne ya 14 hesabu yao ilikuwa imepungua sana, na mashamba mengi yakakodishwa.

Mwaka 1965 Konsili ya Vatikano II iliagiza ndugu kama hao waunganishwe kabisa na maisha ya jumuiya yao.

Na sisi je? Mitume walipogawa kazi ya meza, waliwawekea wale saba mikono, hawakuwadharau. Katekista wetu anatembea vijijini, mpishi anaamka kabla ya kengele. Tukiwaachia kazi, tuwape pia mafundisho, heshima na nafasi katika shauri.