Kifyonza-Vumbi na Kaboni Zake: Historia ya Jina na Vipande Vyake

Makala haya yanahusu chombo cha nyumbani kinachovuta vumbi katika mazulia kwa nguvu za umeme. Nimeshawishika kuyaandika na karatasi ya maelekezo iliyonifikia pamoja na chombo hicho, yenye tafsiri ya Kiswahili. Kiwanda kilichoitoa sikitaji. Humo chombo kiliitwa "kisafisha utupu".

Mtafsiri alifuata Kiingereza neno kwa neno. Lakini chombo hakisafishi utupu. Kinachosafishwa ni zulia. Feni iliyomo ndani hupunguza kanieneo ya hewa, na hewa ya nje huingia kwa nguvu ikibeba vumbi. Tena, utupu kwa Mswahili ni uchi. Wanasayansi wetu wanalo neno "ombwe", ila "kisafisha ombwe" nacho kingebaki na kosa lile la kwanza.

Historia yenyewe haimlazimishi mtu kulishika neno hilo la Kiingereza. Mashine ambayo Hubert Cecil Booth aliibuni Uingereza mwaka 1901 ilikuwa kubwa mno hata ikavutwa na farasi. Ilisimamishwa barabarani na mipira yake ikapitishwa madirishani. Mwaka 1908 James Murray Spangler, mfanya usafi wa jengo moja huko Ohio, Marekani, alipata hataza ya mashine ndogo ya kubebeka. Haki zake zilinunuliwa na ukoo wa Hoover, na leo Waingereza wengi wamelifanya jina hilo la biashara kuwa kitenzi. Yaani wenye lugha wenyewe wamelikimbia jina refu.

Kwetu majina ya vitu vya umeme yamepita njia mbalimbali. "Umeme" ulikuwa mwanga wa radi kabla haujaingia katika nyaya. Wakenya wakachukua "stima" kutoka katika meli ya mvuke. "Pangaboi" lilitokana na mtumishi aliyevuta kipepeo cha darini, likabaki kwa mashine iliyomwondoa kazini. Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na lilipoanza kutoa vijitabu vya "Tafsiri Sanifu" katika miaka ya sabini, maneno mengi ya karakana yalikuwa yamekwisha kusanifiwa na mafundi bila kikao. Katika kuunda jina la chombo hiki twaweza kusema "kivuta-vumbi" au "kifyonza-vumbi". Mimi napendelea la pili, kwa kuwa kufyonza ni kuvuta kwa nguvu ya mnyonyo. ("Kinyonya-vumbi" nalo lingefaa, lakini tangu Azimio la Arusha kitenzi hicho kimebeba mzigo mwingine.)

Sasa nieleze yaliyonipata. Chombo changu kilianza kutoa cheche na harufu ya kuungua, kisha kikawa kinazimika na kuwaka. Nilitazama mfuko wa vumbi na mpira, havikuziba. Karatasi ilisema, "Badilisha brashi zilizochakaa." Nikanunua brashi mpya ya kupitisha zuliani, na fedha ikapotea bure.

Nilikipeleka Keko, wilayani Temeke, mtaa unaosifika zaidi kwa maseremala na samani zao, kwa mzee mmoja atengenezaye mota. Alicheka.

"Wewe unataka kaboni, mwanangu, si brashi."

"Lakini mzee, karatasi imeandika brashi."

"Aliyeandika hajafungua mota."

Mota ya chombo hiki ina vijipande viwili vya kaboni, kila kimoja kikisukumwa na springi ndogo kugusa pete ya shaba inayozunguka. Hivyo ndivyo vipitishavyo umeme kwenda katika koili za sehemu izungukayo, na kwa kusuguana huliwa kidogo kidogo. Vikiisha, cheche huzidi na shaba huchimbika. Hapo ndipo watu hupelekwa kwa fundi wa kusuka mota, gharama ambayo vijipande viwili vingeliizuia. Kwa Kiingereza kijipande hicho na brashi ya zuliani huitwa kwa neno moja. Karakana ya Kiswahili imevitenganisha. Ofisi ikiandika "brashi" kwa vyote viwili itakuwa imeifundisha lugha kusahau jambo inalolijua. Vilevile "kusuka mota": fundi ametazama waya unavyopitishwa na kurudishwa, akakumbuka mkeka. Neno hilo sioni sababu ya kulibadilisha.

Rasimu ninayoiandaa kwa wasanifishaji itakuwa na "kifyonza-vumbi", "kaboni" na "kusuka". Itakuwa pia na tofauti kati ya "kuzima" na "kuchomoa", maana karatasi ile iliagiza tu "zima chombo kabla ya kukifungua". Chombo kikizimwa kwa swichi yake bila kuchomolewa, umeme wa volti 230 hubaki umefika mpaka kwenye swichi hiyo, na kidole cha mwenye nyumba chaweza kuukuta huko. Kitenzi kimoja kikikosewa hapo si suala la ufasaha tena. Mzee wa Keko hakuisoma karatasi. Aliichukua plagi ya chombo changu, akailaza juu ya meza mahali anapoiona, ndipo akashika bisibisi.