Ndoa Ambayo Korti Ilikataa Kuiita Ndoa

Leo tuangalie historia kidogo, maana vijana hunijia na swali hili: "Pasta, kama tunapendana, mambo ya kwenda kwa wazazi ni ya nini? Wazee wanatafuta pesa tu."

Mwaka 1917, nchi yetu ikiwa chini ya Mwingereza, mwanamume aliyeitwa Amkeyo alikuwa kortini kwa kesi ya jinai, na mkewe akatoa ushahidi dhidi yake. Sheria ya Kiingereza iliwakinga mume na mke ili siri za nyumba yao zisianikwe kortini. Lakini Jaji Mkuu Robert Hamilton aliamua kwamba kinga hiyo haimhusu mama huyu, kwa sababu aliolewa kwa mila. Kwake yeye, huko kulikuwa kununua mke, na kuita ndoa ni kukosea jina.

Jaji aliona mifugo akadhani ameona soko. Kwa Wakikuyu, pombe ya posa haikunywewa mpaka binti aulizwe mbele ya watu kama anakubali inywewe. (Ndiyo, ilikuwa pombe. Sisi walokole tumeweka soda, lakini swali ni lile lile.) Sasa fungua Mwanzo 24. Zawadi zilikuwa zimeshatolewa, lakini watu wa nyumbani kwa Rebeka walimwita wakamuuliza yeye mwenyewe kama atakwenda na yule mtu. Na Boazi hakumchukua Ruthu gizani. Alipanda langoni pa mji mchana, akaketisha wazee kumi, akasema neno lake wakiwa mashahidi. Kwetu pia, mume alipoanza kumpiga mke, kulikuwa na watu wa kuitwa: wale wale waliokula mbuzi wake. Nani ataitwa leo kwa ajili ya wawili waliokutana Githurai wakahamia chumba kimoja?

Sisemi kila kitu cha mila kilikuwa kizuri. Mjane kupewa shemeji kama jembe la marehemu haikuwa heshima. Sheria ya 1931 ya ndoa za Wakristo Waafrika ilimlinda mjane aliyefunga ndoa kanisani asilazimishwe kukaa na ndugu wa mumewe. Hapo Injili ilimfungua mama wa Kiafrika, na nitalisema hilo popote.

Tulingoja karibu miaka mia moja. Sheria ya Ndoa ya 2014 iliipa ndoa ya kimila hadhi sawa na ile ya kanisani, na usajili wake ukaanza Agosti 2017. Sheria hiyo inataka wenye ndoa wamjulishe msajili ndani ya miezi mitatu baada ya sherehe kukamilika. Na pale mila inapodai mahari, kiasi kidogo cha kuonyesha nia kinatosha kuthibitisha ndoa. Wazazi mnaozuia harusi mpaka shilingi ya mwisho ilipwe, someni hapo mara mbili.

Ajabu ni kwamba mlango ulipofunguliwa, watoto wetu walikuwa wameshaondoka. Hawaendi kwa wazee, hawaji madhabahuni. Ni njoo tukae. Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema kwamba kuishi pamoja muda mrefu peke yake hakutoshi kuwafanya watu mume na mke, na kwamba korti zitumie dhana hiyo ya ndoa kwa nadra na kwa uangalifu. Dada, umepika miaka kumi, umezaa, umesaidia kujenga. Siku ya mazishi ndugu zake wakiuliza wewe ni nani, utawaonyesha nini?

Kama mlishapeleka mahari na bado hamna cheti, au mnaishi pamoja na wazazi hawajawahi kukutana, tuonane ofisini Jumatano baada ya maombi ya mchana. Mama mchungaji atakuwepo. Njooni wote wawili. Hatutawauliza mmekaa miaka mingapi.