Kunduchi: Makaburi, Hoteli na Mchanga

Msafiri atokaye katikati ya Dar es Salaam na kuifuata barabara iendayo Bagamoyo hufika Kunduchi baada ya mwendo wa kilometa 20 hivi. Siku za Jumapili na za sikukuu hukuta umati wa watu: vijana wakicheza mpira mchangani, jamaa wameketi kivulini na vyakula vyao, na mashua zikipakia abiria wa kwenda kisiwa cha Mbudya. Kwa wakazi wengi wa jiji, Kunduchi ni mahali pa kupumzikia, basi. Lakini pwani hii ina historia ndefu kuliko hoteli zake, na tena haikutulia kama ionekanavyo katika picha. Mambo hayo mawili ndiyo tunayokusudia kuyaeleza, kwani ni rahisi mno kuuharibu ufuko ambao hatujui umetokana na nini.

Tuanze na magofu. Katikati ya mibuyu na vichaka yapo mabaki ya msikiti wa mawe unaokadiriwa kuwa wa karne ya 15 au ya 16, na pamoja nao makaburi ambayo mengi ni ya karne ya 18 na ya 19. Ujenzi wake ni ule ule wa miji ya kale ya Waswahili: mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe imepatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo. Baadhi ya makaburi yamesimamishiwa nguzo, na katika nguzo hizo mafundi walipachika mabakuli na sahani za kauri za China. Mahali pengine chombo kimekwisha kung'olewa au kuvunjika, limebaki duara tupu katika chokaa.

Yafaa mwanafunzi asimame mbele ya duara hilo na kujiuliza chombo kile kilifikaje hapo. Yamkini kilipita mikono mingi na bandari nyingi za Bara Hindi na za Uarabuni, hata kikashushwa na jahazi lililoletwa na Kaskazi, ambalo lilingoja Kusi ivume ndipo lirudi kwao likiwa na pembe za ndovu na boriti za mikoko. Aliyekuwa nacho angeweza kukitumia nyumbani kwa fahari; badala yake kiliwekwa kaburini, mahali ambapo kila mpita njia angekiona. Hiyo ni habari ya mali, na ni habari ya heshima pia. Washomvi, ambao pamoja na Wazaramo ndio wenyeji wa sehemu hii ya pwani, husema katika mapokeo yao kwamba wazee wao walitoka Barawa. Kwa hiyo anayedhani kwamba wageni wa Kunduchi walianza na watalii amechelewa kwa karne kadhaa.

Hoteli kubwa zilikuja mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kunduchi Beach, Bahari Beach na Africana ni majina yaliyojulikana na kila mtu jijini. Azimio la Arusha lilikuwa limekwisha kutangazwa mwaka 1967, na Serikali yenyewe, kwa njia ya Shirika la Utalii la Tanzania, ilikuwa ikitia fedha katika hoteli. Mwaka 1970 ukazuka mjadala mkali magazetini: je, nchi inayojenga ujamaa na kujitegemea itumie mali yake kumstarehesha mgeni? Upande mmoja ulisema tunahitaji fedha za kigeni. Upande wa pili ulisema tutalea watumishi wanyenyekevu badala ya raia huru. Hoja hizo zilikusanywa na Issa Shivji katika kitabu kilichotolewa mwaka 1973, na hata leo zinasomeka kwa faida. Kwa maoni yetu, hata hivyo, ufuko wenyewe ulichukuliwa mno kuwa ni kitu kitakachokuwapo daima. Wakati ule watu walibishana ni nani alale hotelini, na nani amhudumie.

Bahari ilikuwa na hesabu nyingine. Mchanga wa Kunduchi kwa sehemu kubwa hautoki baharini: huletwa na vijito vishukavyo kutoka vilima vya nyuma, kama vile Tegeta na Mbezi, nyakati za mvua kubwa. Ukifika pwani huchukuliwa na mawimbi. Kusi ikivuma husukumwa kuelekea kaskazini. Kaskazi ikivuma sehemu yake hurudishwa. Ufuko, basi, ni mchanga ulio safarini, nao hudumu iwapo uingiao unalingana na utokao. Jiji lilipopanuka, malori yalikwenda kuchota mchanga katika vijito hivyo kwa ajili ya ujenzi, na kilichochotwa huko hakikufika tena pwani. Wakati huo huo uvuvi wa baruti, uliopigwa marufuku kwa sheria lakini ukaendelea kwa miaka mingi, ulivunja matumbawe ambayo huyapunguzia mawimbi nguvu kabla hayajafika nchi kavu. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengine mengi katika pwani ya Tanzania.

Aliyelipa kwanza ni Africana. Hoteli hiyo ilikuwa Mbezi, kusini kidogo mwa Kunduchi, na katika miaka ya 1980 bahari iliila hata ikaachwa. Jina lake limebaki katika kituo cha daladala, na si ajabu kwamba wengi washukao hapo hawajui kuwa ni la hoteli. Hoteli nyingine zilijenga kuta za mawe zinazoingia majini. Ukuta wa namna hiyo hukamata mchanga upande mmoja na kuunyima upande wa pili, hivyo anayejikinga humhamishia jirani hasara. Na jirani huyo akiwa mvuvi, hana ukuta wa kujenga.

Kuhusu visiwa tutasema machache. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975. Hakuna kijiji Mbudya. Watu huenda kuogelea, kula samaki wa kuchoma na kutazama matumbawe yaliyosalimika.

Mwalimu awapelekaye wanafunzi wake Kunduchi na aanzie makaburini asubuhi, kabla ya jua kali. Kisha ashuke nao ufukoni wakati maji yamekupwa, hasa siku za bamvua, kuta za mawe zinapoonekana wazi hadi chini. Wawaulize wavuvi wazee ngalawa zilikuwa zikivutwa hadi wapi walipokuwa vijana, na wapime kwa hatua kutoka hapo mpaka maji yalipo sasa.