Ile vita ilikukuta wapi?

Bandugu, wiki iliyopita mwanafunzi mmoja aliniuliza kama Saio, yule wa Camp Saio hapa Bukavu, alikuwa koloneli wa zamani. Nilicheka, lakini kwa haya kidogo, kwa sababu bila babu yangu hata mimi nisingejua. Saio si mtu. Ni mji wa milimani, magharibi ya Ethiopia. Leo unaitwa Dembidolo.

Babu alifika kule na Force Publique. Nilipokuwa na miaka nane, kule Kindu, alikuwa anaketi kila jioni chini ya mwembe na wazee wenzake wawili. Mazungumzo yao yalikuwa yaleyale. Mmoja anauliza: "Weye, ile vita ilikukuta wapi?" Basi kila mtu anaanza safari yake upya, na sisi watoto tunajua tayari pa kucheka.

Ya babu ilianzia Aba, kwa kamyo mpaka Juba, kisha kwa meli juu ya mto Nile, mpaka Sudan. Ubelgiji yenyewe ilikuwa chini ya Wajerumani tangu mwezi wa tano 1940. Kongo ilibaki upande wa Waingereza, na Waitaliano walikuwa wameshika Ethiopia tangu 1936. Mwezi wa tatu 1941 askari wetu waliteka Asosa, kisha Gambela, halafu wakaanza kupanda kuelekea Saio.

Hapo ndipo babu alikuwa anapunguza sauti. Mvua ilianza, makamyo yakakwama kwenye matope, chakula hakikufika. Wabeba mizigo walikufa kwa beriberi na kuhara bila kupigwa hata risasi moja. Mwanzoni mwa mwezi wa saba Jenerali Gazzera, Mwitaliano, alijisalimisha kwa Jenerali Gilliaert, pamoja na majenerali wengine. Wote walikuwa tisa. Babu alikuwa anavihesabu kwa vidole: "Bazungu tisa benye nyota, wametoa silaha mbele yetu. Miye nilirudi kwetu, nikavua tena kofia mbele ya kila Muzungu."

Mzee wa pili alikuwa mbali zaidi. Alikuwa mbeba wagonjwa katika hospitali ya vita ya Kongo iliyotumwa kwa Waingereza, mpaka Burma, kwenye vita na Wajapani. Kama unadhani anatia chumvi, kumbuka tarehe 8 mwezi wa sita 2022: Mfalme Philippe alipofika Kinshasa alimvalisha medali mzee Albert Kunyuku, mwenye miaka 100. Yeye pia alikuwa Burma.

Halafu zamu ilifika kwa mzee wa tatu. Yeye alikuwa anajibu kwa kifupi: "Miye nilikuwa mu pori." Wale wawili wanacheka. "Haukushikaka hata bunduki!" Anacheka nao, anainua kikombe chake, mazungumzo yanaendelea.

Nilisahau ile jibu mpaka siku nilipoandika TFC yangu ya historia. Nilikuwa nasoma juu ya mwaka 1942. Wajapani walikuwa wameteka Malaya na visiwa vya Waholandi, kule ulikotoka mpira wa matairi ya dunia. Waingereza na Wamarekani walihitaji mpira kutoka popote. Basi huku Kongo siku za kazi ya lazima kwa watu wa vijijini ziliongezwa, kutoka 60 mpaka 120 kwa mwaka. Watu walirudishwa porini kutafuta ule mpira wa kamba za msituni, uleule ambao baba zao waliufia wakati wa Leopold. Niliinua kichwa kwenye karatasi, nikasikia sauti: "Miye nilikuwa mu pori."

Babu alikuwa amekwisha kufariki. Mzee wa tatu nilimkuta bado, macho hayaoni. Nilimwomba anieleze. Alisema walikuwa wanalala wiki nzima msituni, kwenye vibanda vya majani, wanakata kamba, wanakinga maziwa yake, wanayagandisha. Kamba za karibu ziliisha, wakaenda mbali, kwenye chui na maji. Anayeleta kilo pungufu analazwa chini, anapigwa fimbo. Bibi yake alibaki peke yake na shamba la mpunga wa lazima, mimba tumboni. Ile mimba haikukaa.

Nikamwambia: muzee, ule mpira ulikuwa wa vita. Matairi ya makamyo ya askari. Alinyamaza sana, kisha akasema: "Kumbe ilikuwa vita? Ningejua, ningebajibu bale babili."

Toka siku ile nasoma ile vita kwa namna nyingine. Mchimbaji wa Shinkolobwe, aliyetoa uranium ambayo Wamarekani walitumia kutengeneza bomu, alikuwa vitani bila kuambiwa. Wafanyakazi wa Union Minière waliopigwa risasi Elisabethville mwezi wa kumi na mbili 1941, kwa sababu waliomba mshahara, nao pia. Askari walioasi Luluabourg mwaka 1944 walikuwa wanaona yote haya. Medali zilipata waliovaa kombati, na hata wao wengi walibaki na medali tu, bila maisha mazuri. Lakini wale wengine hakuna aliyewaandika.

Sikatai heshima ya Saio. Babu yangu alistahili. Ninachoomba ni kwamba tusirudie kosa la chini ya mwembe. Wazee wa 1940 karibu wote wamekwenda. Lakini mama zetu na baba zetu wa 1996 na 1998 wako, na sisi tuna simu zenye kurekodi. Ukirudi nyumbani kwa likizo, keti nao. Usiulize nani alipigana. Uliza ile vita ilimkuta wapi. Na akikujibu kwa neno moja, usicheke. Vuta kiti.