Kura ya turufu na hapana mbili za Rwanda

Msomaji wa Kiswahili hukutana na istilahi "kura ya turufu" kila Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa linapokwama. Urusi imetumia turufu, Marekani imetumia turufu, azimio limeanguka. Neno lenyewe tumelirithi kwa Wareno, nalo hutaja ile rangi ya karata ambayo huzipiga nyingine zote: mwenye mbili ya turufu anamshinda mwenye mfalme wa rangi nyingine. Istilahi imekolea. Inaeleweka Zanzibar, Bukavu na hapa Kigali, ambako Kiswahili ni lugha rasmi tangu 2017, na sitarajii mhariri yeyote aiache. Hata hivyo imebeba dai lisilo kweli, kwamba mwenye kura hiyo hushinda, na dai hilo linapotosha mjadala mkubwa kuliko yote kuhusu nafasi ya Afrika katika taasisi za dunia.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa haulitaji neno veto mahali popote. Ibara ya 27 inasema tu kwamba uamuzi usio wa kiutaratibu unahitaji kura 9 kati ya 15, na kwamba wajumbe watano wa kudumu wasiupinge. Hapana moja ya mmoja wao inaangusha azimio lililoungwa mkono na wengine wote 14, lakini ndiyo yake moja haipitishi chochote. Marekani au China haiwezi kwa kura yake peke yake kupeleka hata mlinda amani mmoja mahali popote. Kilatini kilikuwa wazi zaidi: veto maana yake ni "nakataza", kauli ya watetezi wa watu wa kawaida katika Roma ya kale walipotaka kumsimamisha mtawala. Kwa hiyo maana yake kwa Kiswahili ni kura ya kuzuia, na hivyo ndivyo nitakavyoiita kuanzia hapa.

Nchi inayoonyesha vizuri zaidi tofauti hiyo ni Rwanda, kwa sababu ilikuwa ndani ya Baraza lenyewe wakati watu wake wakiuawa. Ilianza ujumbe wa miaka miwili Januari 1994, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza Aprili, kiti chake kilikuwa mikononi mwa serikali iliyokuwa ikiyaendesha. Tarehe 11 Aprili askari wa Ubelgiji waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa waliondoka kwenye shule ya ETO, Kicukiro, hapa Kigali, na kuwaacha watu wapatao 2,000 waliokimbilia humo huku wanamgambo wakisubiri nje. Waliswagwa hadi Nyanza, umbali mfupi kutoka hapo, na wengi wao wakauawa. Siku kumi baadaye Baraza lilipitisha azimio 912 la kupunguza kikosi cha kulinda amani hadi watu 270. Hakuna aliyezuia. Wajumbe wote walikubali, Rwanda ikiwamo. Na hata kama mmoja angezuia, Ubelgiji ulikwisha kuondoa askari wake, na hapana iliyopigwa New York isingewarudisha Kicukiro.

Mwaka huohuo Rwanda ilipiga hapana mara mbili, ikabaki peke yake mara zote mbili. Ya kwanza ilikuwa 17 Mei, katika azimio 918, sehemu iliyoweka vikwazo vya silaha: 14 waliunga mkono, mjumbe wa serikali ya wauaji akapinga. Ya pili ilikuwa 8 Novemba, chini ya serikali mpya iliyokomesha mauaji, katika azimio 955 lililounda mahakama ya kimataifa. Kigali ilikuwa imeiomba mahakama hiyo, lakini ikalalamika kwamba isingeshughulikia makosa ya kabla ya 1994 wakati maandalizi yalianza mapema, kwamba haikuwa na adhabu ya kifo, na kwamba haikuhakikishiwa kukaa Rwanda. Kura 13 ziliunga mkono, China haikuegemea upande wowote, na mahakama ikapelekwa Arusha. Malalamiko ya Novemba yalikuwa na uzito, hasa lile la tarehe. Lakini mahakama hiyohiyo, mwaka 1998, ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, katika hukumu ya kwanza ya mauaji ya kimbari kutolewa na mahakama ya kimataifa, na ikatamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Kama Rwanda ingekuwa na kura ya kuzuia, vikwazo vya Mei vingeanguka, na azimio la Novemba pia.

Sasa tuliangalie dai la Afrika. Makubaliano ya Ezulwini, ya Umoja wa Afrika, ya Machi 2005 yanataka viti viwili vya kudumu vyenye haki zote, pamoja na viti vitano visivyo vya kudumu. Yanasema Afrika inaipinga kura ya kuzuia kimsingi, lakini maadamu ipo, haki inadai kila mjumbe wa kudumu awe nayo. Septemba 2024 Marekani ilisema inaunga mkono viti viwili vya kudumu vya Afrika, ila bila kura hiyo. Wengi walikasirika, na nawaelewa. Mwaka 1945 walikuwapo waasisi wanne tu kutoka bara hili, Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini, na mjumbe wa kudumu asiye na haki ya wenzake ni mjumbe wa daraja la pili. Hoja hiyo ya heshima ni ya kweli. Lakini inadai usawa na watano, na usawa unaweza kupatikana pia kwa kuwabana hao watano. Ukisema turufu, unauliza kwa nini Afrika inyimwe karata ya ushindi. Ukisema kura ya kuzuia, lazima uulize inazuia nini, na nani atakikalia kiti siku serikali yake itakapowageukia watu wake.

Wapo wanaojibu kwamba kura hiyo ingetukinga na maamuzi ya wakubwa, na mfano wao ni Libya. Machi 2011, azimio 1973 lilipofungua njia ya mashambulizi, wajumbe watatu wa Afrika walikuwa ndani ya Baraza: Nigeria, Gabon na Afrika Kusini. Wote watatu walisema ndiyo. Kilichokosekana siku ile ni msimamo mmoja kabla ya kuingia ukumbini.

Kwa maoni yangu nusu ya kwanza ya Ezulwini, ile inayoipinga kura yenyewe, ndiyo inayostahili nguvu zetu. Mlango upo. Tangu azimio 76/262 la Aprili 2022, mjumbe anapozuia, Baraza Kuu hukutana ndani ya siku kumi za kazi kulijadili suala hilo. Kuubadili Mkataba kunahitaji theluthi mbili ya wanachama 193, yaani kura 129, kisha theluthi mbili ya nchi ziridhie, zikiwamo zile tano za kudumu, na hapo hizo tano zitazuia zikitaka. Lakini katika hatua ya kwanza hakuna anayeweza kuzuia, na Afrika inaingia humo na kura 54.